Nishati Darasani: Wanafunzi Wajue Nani Anaamua na Nani Analipa

Mwanafunzi wa kidato cha pili nchini Tanzania akiulizwa vyanzo vya nishati jadidifu atavitaja bila kusita: maji, jua, upepo, jotoardhi, mawimbi ya bahari. Ataongeza faida na hasara za kila kimoja kwa mpangilio uleule alioukuta ubaoni, na siku ya mtihani atapata alama zake. Mwanafunzi huyohuyo akiulizwa kwa nini umeme wa shilingi elfu kumi nyumbani kwao unatoa uniti chache kuliko kwa jirani, atanyamaza. Nimefundisha fizikia katika shule za kata kwa miaka kadhaa, na ukimya huo nimekutana nao mara nyingi mno kuweza kuwalaumu wanafunzi. Tumewafundisha nishati kama orodha ya vitu vilivyopo duniani, tukaacha nje maamuzi ya watu yaliyofanya umeme ufike kwa huyu kabla ya yule, kwa bei hii badala ya ile.

Naandika kutetea jambo moja: sera ya nishati ifundishwe sekondari bega kwa bega na sayansi yake, na ianzie kwenye vitu ambavyo mwanafunzi anavishika kila siku. Vitu hivyo viko viwili vilivyo karibu kabisa, yaani ujumbe wa LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, unaoingia kwenye simu ya mzazi na moshi unaotoka kwenye jiko la shule.

Nianze na LUKU. Siku moja niliwaomba wanafunzi wanakili ujumbe wa mwisho wa ununuzi wa umeme nyumbani kwao, waache namba ya mita na tokeni, waje na viwango tu. Tukachukua mfano wa shilingi 10,000 tukauchambua ubaoni, tukitumia bei na makato yaliyokuwapo baada ya kodi ya majengo kupandishwa mwaka 2023. Kama ndiyo mara ya kwanza kununua mwezi huo, kodi hiyo ya shilingi 1,500 inatangulia, zinabaki 8,500. Ndani ya hizo kuna kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18, tozo ya asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na asilimia 1 ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Makato hayo huhesabiwa juu ya bei ya umeme wenyewe, hivyo 8,500 ni asilimia 122 ya bei hiyo, na umeme unabaki na shilingi 6,967. Mteja wa kundi la D1, anayelipa shilingi 100 kwa uniti, anapata uniti 69.7. Mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, anayelipa shilingi 292, anapata uniti 23.9.

Darasa lilinong'ona. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja, nao walikwisha kulijua hilo: pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja, taa ya wati 10 inaimaliza kwa saa mia. Uniti ya D1 haina nguvu pungufu kuliko uniti ya T1. Fizikia haina jibu la kwa nini moja inauzwa karibu mara tatu ya nyingine, kwa sababu tofauti hiyo imewekwa na watu, kwa makusudi, na kwa sababu inayoelezeka. Kundi la D1 liliwekwa kwa ajili ya wateja wa majumbani wasiozidisha uniti 75 kwa mwezi, ili mwenye kipato kidogo aweze kuwasha taa na kuchaji simu, huku watumiaji wakubwa wakibeba sehemu ya gharama yake. Akizidisha 75, kila uniti ya ziada inahesabiwa shilingi 350.

Hapo kijana mmoja wa nyuma akasimama. «Mwalimu, sisi kwetu tuko vyumba sita, mita moja.»

Sentensi hiyo ilibeba uchambuzi wa sera kuliko kitabu chochote nilichokuwa nacho mezani. Nyumba ya wapangaji sita, kila mmoja na taa mbili, televisheni, pasi na simu, inaweza kupita uniti 75 kabla mwezi haujaisha, na mita yake ikaangukia kwenye bei ya juu. Mtu mmoja anayeishi peke yake kwenye nyumba yake nzuri, anayeshinda kazini na kupikia gesi, anaweza kabisa kubaki D1. Nafuu ilikusudiwa kwa kaya maskini, lakini kipimo chake ni mita, na mita si kaya. Kodi ya majengo nayo, tangu ilipoanza kukusanywa kupitia LUKU mwaka 2021, inamkuta mpangaji aliyeshika simu, ingawa kwa sheria ni deni la mwenye nyumba. Wanafunzi walibishana kipindi kizima kuhusu namna ya kurekebisha hali hiyo bila kuiua nafuu yenyewe. Mmoja alitaka kila mpangaji awe na mita yake. Mwenzake akamuuliza nani atalipia mita sita na waya wa vyumba sita. Mwingine alitaka kikomo kipandishwe hadi uniti 150, akaulizwa fedha zinazopungua zitatoka wapi. Sikuwapa jibu kwa sababu sina, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa baadhi yao kumwona mwalimu akiacha swali wazi bila kuona haya.

Ile asilimia 3 ya REA ilikuwa na mafunzo yake pia. Watoto wa mjini huiona kama makato tu, mpaka mmoja wao akumbuke kwamba bibi yake kijijini aliunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000. Mfuko wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, unachangiwa na mnunuzi wa umeme aliyeko Kariakoo na hata na dereva anayejaza dizeli, kwa tozo iliyomo kwenye kila lita. Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa mjini ilirudishwa juu, kwa mteja wa umeme wa kawaida wa nyumbani (njia moja) asiyehitaji nguzo ikawa shilingi 320,960, wakati ya kijijini ilibaki 27,000. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara kumi, na inaamuliwa na mstari ambao hauonekani ardhini, yaani kama unapoishi panaitwa kijiji au mtaa. Wanafunzi wa miji midogo, ambako barabara ni ya vumbi na mashamba yanaanza nyuma ya choo, wanalielewa jambo hili haraka kuliko yeyote. Wakiambiwa waandike vigezo vya haki vya kutofautisha mji na kijiji kwa ajili ya bei ya umeme, watagundua wenyewe kwa nini kazi ya mtunga sera ni ngumu.

Kutoka hapo mwalimu anaweza kuwaongoza kwenye swali la nani mwenye mamlaka ya kupanga bei, na mfano bora ninaoujua ni wa mwishoni mwa mwaka 2016. TANESCO, shirika la umeme la taifa, iliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19. EWURA ilifanya utaratibu wake, ikiwamo mikutano ya taftishi ambamo wananchi na wadau hutoa maoni, ikakubali ongezeko la asilimia 8.53 lianze Januari mosi 2017. Kabla bei hiyo haijaanza kutumika, Serikali iliizuia, na mwaka mpya ulifunguliwa kwa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO kuondolewa kazini. Wananchi wengi walifurahi, na furaha yao inaeleweka, kwa kuwa hakuna anayependa kulipa zaidi. Hata hivyo shirika lililoomba nyongeza lilikuwa na madeni, na deni la shirika la umma halipotei kwa kutopandisha bei. Hulipwa na bajeti ya Serikali, au na matengenezo yanayoahirishwa, au na transfoma chakavu inayobaki juu ya nguzo mpaka ilipuke. Mwanafunzi aliyekwisha kuona njia zote hizo ndiye anayeweza kuhukumu kama uamuzi ule ulikuwa mzuri. Wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana kuhusu hilo, na hiyo ndiyo sababu mfano huu unafaa darasani.

Takwimu nazo zinahitaji kufundishwa kwa uangalifu kuliko tunavyofanya. Utafiti wa hali ya upatikanaji na matumizi ya nishati Tanzania Bara wa mwaka 2019/20 ulionyesha kwamba watu waliofikiwa na umeme walikuwa asilimia 78.4, ilhali kaya zilizounganishwa zilikuwa asilimia 37.7. Kufikiwa maana yake umeme upo jirani, kuunganishwa maana yake umeme uko ndani. Katikati ya namba hizo mbili kuna nyumba ambazo nguzo imepita mlangoni na bado zinawasha koroboi, kwa sababu ya gharama ya kutandaza waya ndani, kwa sababu ya paa la nyasi, au kwa sababu fedha ilikwenda kwenye ada ya mtoto huyuhuyu tunayemfundisha. Kiongozi anayesifia kazi ya Serikali atataja namba ya kwanza na mpinzani wake ataishika ya pili, na wote wawili watakuwa wanasema kweli. Leo, wakati vijiji vyote 12,318 vya Bara vinahesabiwa kuwa vimefikiwa, kijana asiyejua tofauti ya maneno hayo mawili hawezi kufuata hotuba hata moja ya nishati.

Miaka ya karibuni imetupa pia mfululizo wa matukio ambao mwalimu wa fizikia na mwalimu wa jiografia wangeweza kuutumia muhula mzima. Mwishoni mwa mwaka 2023 nchi ilikuwa kwenye mgawo wa umeme. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja na jumla ya megawati 2,115, uliingiza umeme kwenye gridi ya taifa. Machi mwaka huohuo, mvua zikiwa nyingi, TANESCO ilizima vituo vitano vya umeme wa maji kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Na bado, katika wiki hizohizo, mitaa mingi umeme ulikuwa unakatika jioni. Mwanafunzi atauliza inawezekanaje, na swali lake ndilo mlango wa kueleza kwamba kuzalisha, kusafirisha na kusambaza ni kazi tatu zenye bajeti tatu, na kwamba bwawa likijaa halinyanyui nguzo ya mbao iliyolala chini ya mwembe.

Kwa miaka mingi vitabu vyetu vya jiografia vimewasimulia watoto habari za bonde la mto Tennessee huko Marekani na mamlaka iliyoundwa mwaka 1933 kulisimamia. Sina ugomvi na Tennessee. Lakini Rufiji iko hapa, na maswali yake yote yako wazi: bwawa lilijengwa ndani ya eneo la hifadhi ya wanyama la Selous, lililoorodheshwa kuwa urithi wa dunia mwaka 1982, na UNESCO ilipinga, Serikali ilijibu kwamba nchi inahitaji umeme wa bei nafuu, Aprili 2024 mafuriko yalipozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, wakazi na wataalamu walibishana iwapo bwawa limeongeza maji au limeyapunguza. Kusoma ubishi huo kwa kutazama mvua, kina cha bwawa na historia ya mafuriko ya delta ni sayansi halisi. Kihansi nako, penye kituo kingine cha umeme wa maji, kuna chura mdogo wa manjano aliyegunduliwa mwaka 1996, ambaye makazi yake yalitegemea rasharasha za maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, rasharasha zikapungua, na ikalazimu baadhi ya vyura kusafirishwa hadi Marekani mwaka 2000 ili kizazi kisipotee, kisha mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Hakuna mtoto asiyesikiliza kisa hicho.

Sasa twende jikoni, kwa maana huko ndiko sera inakoigusa shule yenyewe. Serikali ilikwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Shule ya sekondari ni taasisi ya aina hiyo hasa. Mwanafunzi anayekula makande saa saba mchana yuko ndani ya agizo hilo, na mara nyingi hajawahi kuambiwa kwamba lipo.

Tulilifanya jiko letu kuwa maabara. Kwa siku kadhaa wanafunzi wawili wa zamu walipima mzigo wa kuni kwa mzani wa kuning'iniza kabla haujaingia jikoni, wakaandika kwenye daftari uzito, chakula kilichopikwa, saa ya kuwasha na saa ya kuepua. Mama mpishi alikuwa na wasiwasi mwanzoni, akidhani anachunguzwa, kisha akawa ndiye mwalimu wa somo. Aliwaonyesha kuni mbichi inavyotoa povu kwenye ncha ikiungua, akawaambia, «Hii nusu ya moto wake inajikausha yenyewe, maharage hayapati kitu.» Huo ni ufanisi wa nishati, umeelezwa na mtu ambaye hakuwahi kuusoma, tena kwa usahihi kamili. Yeye ndiye aliyependekeza maharage yalowekwe usiku, na daftari likaonyesha muda wa moto umepungua. Macho yake yalikuwa mekundu kila siku tuliyoingia mle. Wasichana waliliona hilo kabla ya wavulana, na wao ndio waliouliza kama afya ya mpishi imehesabiwa kwenye bei ya kuni.

Haikuhesabiwa, na hapo ndipo mjadala wa sera ulipoanza. Kuni hununuliwa kidogokidogo kwa fedha za michango ya chakula inayoingia kidogokidogo. Jiko la gesi la shule nzima, pamoja na mitungi mikubwa, mabomba na sufuria zinazolifaa, linataka fedha nyingi kwa mara moja, hata kama baadaye gharama ya kila mwezi itaonekana afadhali. Je, agizo lilikuja na fungu la fedha? Shule ya bweni yenye wafadhili na shule ya kata inayotegemea debe la mahindi kwa mzazi zipewe muda sawa? Yule mzee anayeleta kuni kwa mkokoteni, ambaye mjukuu wake yumo humuhumu darasani, atapoteza nini? Na je, briketi zinazotengenezwa na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, kwa makaa ya mawe, ni safi kwa sababu zinaokoa miti, au neno «safi» linahitaji kufafanuliwa kwanza? Nimewahi kuhudhuria vikao vya watu wazima kuhusu nishati ya kupikia ambavyo havikufika kwenye maswali hayo.

Kuna kikwazo cha lugha ambacho hatuna budi kukisema. Mwanafunzi wetu wa sekondari anasoma nishati kwa Kiingereza, lakini sera ya nishati ya nchi yake inajadiliwa kwa Kiswahili. Hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati husomwa bungeni kwa Kiswahili, taarifa za kukatika umeme hutolewa kwa Kiswahili, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zenyewe. Matokeo yake kijana anakariri fasili nzuri kwa lugha moja na kubaki bubu mbele ya hotuba iliyoandikwa kwa lugha anayoizungumza kila siku. Ile siku ya LUKU mazungumzo yalipamba moto pale tu nilipoacha kuwazuia wasiseme Kiswahili. Sisemi tubadili lugha ya kufundishia kupitia mlango wa nyuma. Nasema kipindi cha sera kisomwe katika lugha ya sera, na hotuba ya bajeti, ambayo ni waraka wa umma, iwe mezani kama matini ya darasa.

Walimu wenzangu huniambia jambo hili ni la hatari. Ukitaja bei ya umeme umeingia kwenye siasa, na mwalimu wa Serikali hana ulinzi. Hofu hiyo siidharau, nami nimewahi kuitwa ofisini na kuulizwa kwa nini wanafunzi wanaandika habari za tozo. Nilionyesha daftari lenye hesabu, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini mwalimu asiachwe ategemee bahati ya kupata mkuu wa shule mwelewa. Mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024, unasisitiza umahiri wa mwanafunzi kuliko kukariri, na ingetosha kwa miongozo ya masomo ya fizikia na jiografia kutaja waziwazi kwamba bei, tozo na mipango ya nishati ni maudhui halali ya darasa, ili mwalimu awe na ukurasa wa kuonyesha. Kidato cha sita tunao vijana wenye miaka 18 na zaidi. Sheria imewaamini kupiga kura, na hatuwezi kudai kwamba ni wachanga mno kusoma risiti.

Kinachobaki ni mtihani, kwa kuwa kisichotahiniwa hakifundishwi, na mwalimu mwenye darasa la watoto 80 hawezi kulaumiwa kwa kufuata mahali alama ziliko. Baraza la Mitihani linaweza kubadili ufundishaji wa nishati nchi nzima kwa swali moja. Badala ya kumwambia mtahiniwa ataje faida nne za umeme wa maji, limpe risiti mbili za LUKU za kiasi kilekile cha fedha, moja ya D1 na nyingine ya T1, pamoja na maelezo ya nyumba mbili: idadi ya watu, vyombo vinavyotumia umeme, na kama wanachangia mita. Aanze kwa kukokotoa matumizi ya kila mtu kwa mwezi katika kila nyumba. Kisha aeleze kama mgawanyo wa bei umefikia kusudi lake, apendekeze badiliko moja, na ataje nani atalipia badiliko hilo. Alama za sehemu ya mwisho zitolewe kwa hoja inayotumia hesabu zake mwenyewe, upande wowote atakaousimamia.